Kitambaa Chini ya Usukani

Tulikuwa hatujakunja hata hema la matanga wakati gari la papa, baba yetu tuliyemzika, lilipoanza kupiga kelele lenyewe uani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, watu wa mtaa wetu wa Muhumba wamebanana kwenye viti vya kukodi, padri yuko katikati ya mahubiri, na king'ora kikaamka. Wiii, wiii, wiii, taa zinawaka na kuzima. Hakuna aliyekuwa karibu nalo. Padri alingoja kidogo, akaona halina nia ya kunyamaza, akatoa baraka za haraka na kukaa chini. Mimi, binti mkubwa wa marehemu, nilikuwa nje na nguo zangu nyeusi nikilipiga gurudumu teke. Nina hasira za karibu, nyumbani wote wanajua, na siku hiyo nilikuwa na sababu.

Liliendelea hivyo miezi na miezi. Mvua ikinyesha, linalia. Lori likipita barabarani, linalia. Majirani walikuja kwanza na pole, halafu na pole yenye kikohozi, na mwishowe mzee wa nyumba ya juu akasimama ukingoni mwa bustani yake akaniuliza kwa upole kama hatuwezi kulifundisha adabu. Nikawa nafungua kapo, kile kifuniko cha injini, na kuchomoa waya wa batri kila jioni. Asubuhi naurudisha, naingiza ufunguo wa papa, ule wenye kichwa kinene cheusi, na gari linawaka bila shida. Kelele ndiyo iliyokuwa taabu, injini haikuwa na neno.

Ni gari la zamani, la Kijapani, usukani kulia, lililofika Bukavu likiwa limekwisha kuzeekea kwa watu wengine. Papa alilipenda kama alivyopenda vitu vyote, yaani bila kusema. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na nadhani maneno yake yote aliyamalizia ubaoni. Nikiwa mtoto nikilalamika kwamba meza yangu inatikisika, hajibu kitu. Kesho yake meza imetulia, na yeye anakunywa chai. Alimfundisha mama kuendesha gari kule chini Kamanyola, kwenye tambarare, kwa sababu milima ya Bukavu haimfundishi mtu, inamkaba tu. Mama anasema somo zima lilikuwa maneno mawili, "polepole" na "breki". Aliendesha kidogo, akaogopa mteremko wetu, akaacha. Alikuwa akitutania kwamba ameolewa na redio isiyo na batri.

Sasa, mama mudogo. Huyu ni mdogo wake mama, aliyevuka ziwa kutoka kisiwa cha Idjwi kuja kumzika shemeji yake, na akabaki ili amtunze dada yake, ambaye miguu yake imekuwa ikivimba kwa miaka mingi. Ni mwanamke wa kazi, na moyo wake ni mweupe. Ana ugonjwa mmoja tu: haamini kwamba kitu kinaweza kuharibika chenyewe. Sufuria ikitoboka, kuna aliyeitazama vibaya. Mara alipofika alijiunga na kikundi cha sala cha akina mama, na huko walimwongezea elimu.

"Motokari haiwezi kulia bila sababu," akaniambia. "Kuna kitu iko naona."

"Iko naona mvua, mama mudogo."

"Endelea kucheka."

Jumamosi moja nilipokuwa sokoni akaamua kulisafisha. Alianza na viti, akaja kwenye mazulia, kisha akapitisha mkono chini ya usukani, karibu na tundu la ufunguo, mahali ambapo hakuna mtu anayesafisha. Mkono ukagusa kitu kilichofungwa. Niliporudi na kapu langu la majani ya sombe nilikuta sinia katikati ya ua, na juu ya sinia kifurushi kidogo, hakizidi kidole gumba, kimezungushwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme. Kilikuwa kimelowa maji ya baraka na kumwagiwa chumvi kama samaki. Alikuwa amebandua utepe upande mmoja, na ndani palichungulia kitambaa cha manjano na buluu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile ni kitenge yangu."

Kwetu hapo hahitajiki mtu wa kufafanua. Kipande cha nguo ya mwanamke, kimefungwa, kimefichwa gizani, na aliyekificha ni mume wake: maana yake ni kwamba alikwenda mahali kumfunga. Kufunga miguu asiondoke, kufunga kinywa asiseme, yategemea aliagiza nini. Mama mudogo hakupiga kelele, namsifu kwa hilo. Alisema polepole, akitazama miguu ya dada yake, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Nilifoka. Nilimwambia kwamba papa alikuwa anaona huruma hata kuua mjusi, kwamba alisali kuliko wao wote na kwa kelele chache, na nikaongeza mengine ambayo sitayarudia hapa. Mama mudogo akaningoja nimalize. "Sawa," akasema. "Basi wewe mwenye kusoma, tuambie ni kitu gani." Nilikitazama kile kifurushi na, nisiseme uongo, hata mimi sikutaka kukigusa. Akakitia katika kopo la maziwa ya unga, akafunika, akampelekea kiongozi wa kikundi chao akakiweke hadi padri apate nafasi ya kukichoma.

Mchana uleule nikarudisha waya wa batri ili nimpeleke mama kwa daktari wa miguu. Gari likanguruma kidogo, likazima. Nikajaribu tena, likazima tena. Kwenye dashibodi taa nyekundu yenye picha ya ufunguo ilikuwa inakonyeza. Mama mudogo alinitazama kutoka barazani akasema, "Imekasirika." Na kwa kuwa juma lile jua liliwaka na king'ora hakikulia hata mara moja, kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Kwa mama ndipo ilipoanza. Hakulia. Alitoa picha ya papa ukutani sebuleni, akaifunga kwa taulo na kuiweka kabatini, chini ya mashuka. Misa ya kutoa kilio ilikuwa imekaribia, ile ya mwaka unapotimia, mjane anapovua nguo nyeusi na familia inakula pamoja. Ndugu wa papa walikuwa wanapiga simu kuulizia siku, nao wangesafiri, wangehitaji kujipanga. Mama alikuwa anawajibu neno moja, "Bado." Mimi nikamkabili jikoni, kwa sababu siwezi kukaa na jambo tumboni. Alikuwa anachambua maharage, na hakuinua kichwa.

"Wewe unaweza kutoa kilio cha mutu asiyejulikana?" akaniuliza. "Nimelala na yeye nyumba moja maisha yangu yote. Sasa sijui nililala na nani."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji. Kifo chake nilikuwa nimekizoea kidogo kidogo, lakini kumwona anaondolewa nyumbani mara ya pili, tena na mama, sikuweza kuvumilia.

Nikaita fundi. Ana kibanda chake kwenye kona ya mteremko, anakuja kazini na viatu vya kung'aa kama anaenda harusini, na mdomo wake haupumziki. Alikuwa na uhakika mara tatu, kila mara juu ya kitu kingine. Kwanza batri. Kisha pampu ya mafuta. Kisha akanieleza kwa kirefu habari za mafuta mabaya yanayouzwa kwenye vidumu, jambo la kweli lakini halikuwa letu. King'ora ndicho alichokipata haraka: chini ya kapo kuna kibonyezo kidogo kinachoiambia alarmu kwamba kapo imefunguliwa, na chetu kilikuwa kimeliwa na kutu. Maji yakiingia, au lori likitikisa barabara, kinadhani ni mwizi. Alikitoa, akatia kingine alichokichomoa kwenye mlango wa frigo iliyokufa, kile kinachowasha taa ukifungua. Akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya kapo. Kimya. Alijipongeza sana.

"Na hii taa nyekundu?" nikamwuliza.

Akainama, akatazama, akachukua ufunguo wa papa mkononi mwangu. "Hii motokari haimujue mwenye kuiwasha," akasema. "Mu kichwa ya funguo munakuwaka puce, ile chipu, kitu kidogo sana. Pale ku tundu kuna duara inaiulizaka, wewe ni nani? Isipojibu, mafuta inakatwa."

"Lakini ni ufunguo uleule. Juzi uliwasha."

Akainua mabega. Nikamnyang'anya ule ufunguo na kuugeuza juani. Ubavuni mwa kile kichwa kinene kulikuwa na mstari wa gundi, gundi ya zamani, imepakwa vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka. Niliufahamu mkono ule, kwa kuwa viatu vyangu vya shule vilibandikwa hivyohivyo. Nikaingia jikoni, nikaleta kisu, nikaupasua. Ndani kulikuwa na kijishimo cha kutosha punje ya mchele, na ndani ya kijishimo hamna kitu.

"Ah," fundi akasema, "basi alitoa puce akaifunga ndani ya motokari. Banafanyaka hivyo. Ukitaka funguo ingine, unachongesha ya kawaida ku soko, ya chuma tu, lakini haiwashi, juu ya kukosa puce. Sasa unatoa puce ya ile ya kwanza, unaifunga chini ya usukani, karibu na tundu. Ikikaa pale, kila funguo inawasha."

Mama mudogo alikuwa anaanika nguo. Nikamgeukia.

"Mama mudogo, ile kopo iko wapi?"

Kiongozi wa kikundi cha sala anakaa juu, mwisho wa njia ya ngazi za udongo. Kopo lilikuwa nje ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, limekandamizwa kwa jiwe kubwa lisije likafunguka lenyewe. Nilimweleza habari ya puce. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia kwamba shetani naye amesoma, siku hizi anajua hata umeme. Hakutaka kunipa mpaka nisali naye. Basi nikapiga magoti kwenye saruji yake tukasali fungu zima la rozari, meno yangu yameumana. Sijawahi kumsalimu Maria kwa hasira namna ile, anisamehe. Mwishowe akaniletea kopo lenyewe akilibana kwa koleo la makaa.

"Ukiota vibaya," akasema, "usije kuniamsha."

Mama alikuwa barazani, miguu yake juu ya kigoda. Nilivuta meza ndogo mbele yake ili asiseme baadaye kwamba hakuona. Fundi alisimama upande mmoja, mama mudogo upande wa pili, mbali kidogo, mkono kwenye msalaba wake wa shingoni. Nikakata utepe. Nikafungua kitambaa, mkunjo mmoja, mwingine, mwingine. Katikati kabisa kulikuwa na kipande cha kioo, kirefu kidogo, chembamba, kweli kama punje ya mchele, na ndani yake uzi wa shaba umezungushwa.

"Puce," fundi akasema, utadhani yeye ndiye aliyeizaa.

"Umeona, mama?" nikasema. "Umeona? Hakuna dawa, hakuna muganga. Ni kipande cha gari."

Nilitegemea atafurahi. Hakufurahi. Alitazama kile kioo mara moja tu, kisha macho yake yakarudi kwenye kitambaa. "Na kitenge yangu?" akauliza. "Vitambaa vyote vya dunia, kwa nini yangu?"

Nilimtazama fundi. Akainama kupangusa vumbi kwenye viatu vyake.

Mama alikichukua kile kitambaa, akakikung'uta chumvi, akakinyoosha juu ya goti. Alikigeuza. Alipitisha kidole pembeni mwake, akarudia, polepole, kama anayesoma. Pembe zote zilikuwa na nyuzi zinazoning'inia. "Hii haikukatwa na makasi," akasema. "Hii nilipasua miye." Akatuambia kitenge kile kilipochakaa alikipasua mwenyewe vipande vipande, vingine vya jikoni, vingine akavitia garini, kwa sababu mvua ikinyesha kioo cha mbele kinafanya ukungu na papa alikuwa anakipangusa kwa mkono wa shati. Alichoka kufua mikono ya mashati. Papa, alipotaka kitu laini cha kufunikia puce isivunjike, aliokota kilichokuwa karibu naye.

Mama mudogo akakaa chini kwenye ngazi. Mama akamgeukia fundi.

"Umesema ni juu ya funguo ingine iwake?"

"Ndiyo, maman."

"Ingine gani?"

"Ile ya kuchongesha ku soko, maman. Ya chuma tu."

"Nileteeni sakoshi yangu," mama akasema.

Nilimletea mkoba wake. Alitoa rozari, leso, vidonge vya miguu, na chini kabisa akatoa ufunguo mwembamba, wa chuma kitupu, umefungwa uzi wa sufu nyekundu. Nilikuwa nimeuona mara elfu nikidhani ni wa kabati. Akaulaza kiganjani na kutusimulia, na alikuwa anasimulia kwa papa zaidi kuliko kwetu. Ulikuwa mwaka ambao mji ulikuwa na wasiwasi, watu wanalala na mizigo imefungwa, na papa anafundisha mbali, ng'ambo ya pili ya mji. Papa akamchongeshea mama ufunguo huu sokoni. Mama akajaribu, gari likakataa. Mama alimtupia ufunguo wake akamwambia, hata chuma inajua mimi si dereva. Papa aliuokota bila neno, akatia mfukoni. Baada ya siku chache mama aliukuta kando ya sahani yake ya ugali, na uzi mwekundu. Alijaribu tena, likawaka. Hakuuliza ilikuwaje, kwani kwa mume yule ulikuwa huulizi.

"Siku ile akasema neno moja tu," mama akasema. "'Siku mambo ikichafuka na miye siko, usiningoje. Chukua batoto, uende.' Njo yote, basi. Halafu akanywa chai."

Akautazama ufunguo mnene wa papa, ule niliokuwa nimeupasua kwa kisu, uko mezani na kijishimo chake kitupu.

"Aliharibu yake ili yangu iwake," akasema. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakulia hata siku ya kaburi, na katikati ya kulia alikuwa anamgombeza. "Muzee huyu. Si ungesema tu, muzee. Si ungefungua kinywa."

Tulimwacha alie. Mama mudogo alikuja akakaa miguuni pake, akaanza kuikanda ile miguu kama kila jioni. "Dada, nilikuwa nakulinda," akasema. "Najua," mama akajibu, na kweli alikuwa anajua.

Fundi alitaka kuifunga puce kwa kamba ya plastiki, safi, ya kisasa, akasema kitambaa kinavuta unyevu. Mama akamkatalia. Kitambaa kirudi kilivyokuwa. Nikalala chali chini ya usukani, mama mudogo mwenyewe akiniangazia kwa taa ya simu, nikakunja kama papa alivyokunja, nikazungusha utepe mpya. Nilipotoka, mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva na nguo zake nyeusi. Aliingiza ufunguo wake. Taa nyekundu ikakonyeza mara moja, ikazimika, na injini ikawaka.

"Panda," akaniambia. "Tunaenda parokia."

"Mama, miguu yako."

"Inakanyaga."

Alishuka mteremko wote kwa gia ya kwanza. Nyuma yetu pikipiki zilikuwa zinapiga honi, mama mudogo kwenye kiti cha nyuma anasali kwa sauti, safari hii kwa sababu ya kueleweka, na mimi nimeshika mlango kwa mikono miwili nikisema "breki, mama, breki" mpaka nikajisikia na kunyamaza. Alikuwa anaendesha vizuri, polepole. Alisimamisha gari mbele ya ofisi ya parokia, akazima, akafunga mlango kwa ufunguo wake.

Katibu alimpa pole na kumwuliza siku anayoitaka. Mama akataja Jumamosi ya kutimia mwaka. Yule bwana akaandika jina la marehemu, na bila kungoja akaanza kuandika nia ya misa, ileile anayowaandikia wafu wote.

"Hapana," mama akasema. "Andika shukrani."

"Shukrani ni ya bazima, maman. Kwa marehemu tunaandikaka pumziko la milele."

"Andika shukrani," mama akarudia, ufunguo bado umo mkononi mwake. "Atajua ni ya nini."